Kabureta Nne

Watu walikuwa wamejaa tena mbele ya kituo cha polisi cha Mpanda asubuhi ile ya Septemba 1996, na kama jana yake, walikuwa wakimtaka Libérat.

"Mtoeni huyo Mrundi!"

"Ameua mtu, bado mnamlisha!"

Inspekta Suzana Lyamba alipita katikati yao bila kuharakisha. Alikuwa mwanamke mrefu, mzaliwa wa hapo hapo Mpanda, na wengi waliomzunguka aliwajua kwa majina. Aliwatazama mmoja mmoja usoni, nao mmoja mmoja wakampisha.

Ndani, Mkuu wa Upelelezi wa Wilaya, Mrakibu Nathanael, alikuwa amesimama dirishani akichungulia nje.

"Jalada hili liende Sumbawanga leo," alisema. "Kusababisha kifo kwa uzembe. Unangoja nini?"

"Maiti, mkuu."

"Maiti imeliwa na fisi. Dereva ameeleza vizuri kabisa."

Dereva huyo aliitwa Selestine. Maelezo yake yalikuwa mafupi na hayakuwahi kubadilika hata neno. Tajiri yake, Tamimu, mfanyabiashara wa mbao, alikuwa na Landrova ndefu yenye injini ya V8. Tamimu alimpa fundi Libérat gari hilo alibadilishe mfumo wa petroli: atoe kabureta, afunge injeksheni. Siku chache baada ya kazi kwisha, Selestine na Tamimu walikuwa njiani kuelekea Litapunga, mpira wa petroli ukapasuka, injini ikalipuka moto. Selestine alitoka na mkono umeungua. Tamimu alitoka anawaka, akakimbilia porini akipiga kelele. Watu walimtafuta, wakaambulia kiatu kimoja. Gari lilibaki mifupa, namba zake zikisomeka vizuri mbele na nyuma.

"Nipe siku ya leo tu," Suzana alisema.

"Leo tu. Hao watu nje hawatangoja kesho."

Libérat alitolewa mahabusu akaletwa chumba cha mahojiano. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mabega mapana, aliyekulia makazi ya wakimbizi ya Katumba na kufungua gereji yake Misunkumilo. Mjini alijulikana kwa ufundi wake na kwa majivuno yake. Siku za mahabusu hazikuwa zimempunguzia hata kimoja.

"Nieleze ulichofanya kwenye lile gari," Suzana alisema. "Nieleze kama mtu asiyejua gari."

"Wewe unajua gari, afande. Nimekuona unavyoendesha."

"Nieleze hivyo hivyo."

Libérat alikunja mikono kifuani. "Ile injini ilikuwa na kabureta mbili juu. Kabureta ni mlevi, afande. Inavuta petroli kufuatana na upepo tu, haijui kipimo. Gari ikilala upande kwenye korongo, petroli inamwagika ndani, injini inakohoa, inazima. Mlima mkali ndiyo kabisa. Tamimu akaniambia hataki gari ya kumzimia mlimani. Basi nikatoa kabureta zote. Nikatoa na pampu ya zamani, ile inayokaa ubavuni mwa injini. Tundu lake nikaziba kwa bati nene na boliti mbili. Halafu nikafunga injeksheni ya Renji Rova moja iliyopinduka huko kwa wawindaji. Nozeli nane, kila silinda na yake. Pampu ya umeme nikaiweka nyuma, jirani na tanki. Na kompyuta yake chini ya kiti."

"Kompyuta?"

"Kisanduku tu, kama redio ndogo. Ndiyo inaamua kila nozeli iteme petroli kiasi gani. Hakuna fundi mwingine toka hapa mpaka Tabora anayeweza hiyo kazi. Andika."

"Presha ya petroli ni kubwa kuliko mwanzo?"

"Kubwa sana. Ndiyo maana nilivuta mabomba mawili ya chuma chini ya gari. Moja linapeleka petroli mbele, lingine linarudisha inayobaki kwenye tanki. Bila hilo la kurudisha, mipira ingepasuka siku ya kwanza, hapo hapo gereji."

"Selestine anasema mpira ulipasuka."

"Selestine!" Libérat alicheka kwa dharau. "Huko nje anasema nimeua. Humu ndani ananiletea ugali na dagaa."

Kalamu ya Suzana ilisimama.

"Anakuja kukuona?"

"Juzi amekuja, na jana. Anasema ananionea huruma."

"Mnaongea nini?"

"Gari tu. Jana ameniuliza, kama unafungua swichi na ile pampu ya nyuma hailii, injini inazunguka lakini haishiki, ubovu uko wapi. Nikamwambia siwezi kufundisha mtu aliyenifunga. Akasema nifikirie, atarudi leo mchana."

"Na wewe hukushangaa?"

"Afande, mimi nashangaa toka siku mmenileta hapa. Mnasema gari imeungua kwa kazi yangu. Hakuna hata mmoja wenu aliyesema, fundi, twende ukaitazame. Ningewaonyesha mpira gani umepasuka, kama kweli umepasuka. Lakini kila nikiomba naambiwa watu wataniua njiani."

Suzana alifunga jalada. Maswali mawili yalikuwa yamekaa mbele yake, wala hakuyapenda. Kwa nini dereva wa gari lililokuwa majivu alitaka kujua namna ya kuliwasha? Na kwa nini mtu pekee ambaye angelitambua gari lile kwa kulitupia jicho ndiye ambaye mji mzima ulichochewa kumwandama?

"Ile pampu ikinyamaza," aliuliza akiwa mlangoni, "ubovu unakuwa wapi?"

"Rilei. Kidude cha umeme kinachoipa pampu moto. Ninayo nyingine gereji, kwenye kopo la maziwa, rafu ya juu. Kama hawajaiba."

Gereji ya Libérat ilikuwa imepigwa mawe. Mlango ulining'inia kwa bawaba moja, na kibao cha jina kilikuwa kimevunjwa vipande viwili. Suzana aliingia na Koplo Manyanda, askari wake wa upelelezi, kijana wa Kisukuma asiyeamini neno la mshitakiwa yeyote mpaka lithibitishwe na watu wawili.

Kopo la maziwa lilikuwepo. Suzana alitazama ndani, akaona rilei, akaiacha mahali pake. Chini ya meza ya kazi Manyanda alivuta gunia zito, akalifungua. Ndani mlikuwa na kabureta mbili zinazofanana, zimefutwa vumbi na kupakwa mafuta zisipate kutu. Chini yake, pampu ndogo ya petroli.

"Hizi ndizo za gari la Tamimu?" Manyanda aliuliza.

"Ndivyo anavyosema fundi. Beba gunia lote."

Walishika barabara ya Litapunga. Mashamba ya mahindi yaliyokwisha vunwa yalipita, kisha miombo, vumbi likiwafuata kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji. Gari lililoungua lilikuwa pembeni, kwenye majani, mbali kidogo na barabara. Moto ulikuwa umelamba kila kitu kisichokuwa chuma.

Suzana hakukimbilia injini. Alizunguka kwanza. Namba za gari zilikuwa shwari: rangi ilibabuka pembeni tu, tarakimu zote zinasomeka. Viti vimekwisha, tairi zimekwisha, hata usukani umekwisha, lakini namba zilikuwa zimepona mbele na nyuma.

"Moto wenye adabu," alisema.

"Afande?"

"Shika hii tochi. Ingia chini uniambie unaona mabomba mangapi ya petroli kutoka kwenye tanki."

Manyanda alilala chali akajisukuma chini. Sauti yake ilitoka huko imejaa vumbi. "Moja."

"Tazama vizuri. Moja la kwenda, moja la kurudi."

"Ni moja, afande. Na hapa kwenye tanki hakuna pampu yoyote wala alama ya pampu."

Suzana alikuwa ameegemea mahali boneti ilipokuwa. Aluminiamu ya juu ya injini ilikuwa imeyeyuka na kuganda upya, lakini si yote. Vivimbe viwili, mabaki ya kabureta, vilikuwa bado vimekaa, kimoja kushoto, kimoja kulia, midomo yake imepinda. Ubavuni mwa injini, mahali Libérat alipoapa kuwa aliziba kwa bati, pampu ya zamani ilikuwa imetulia na boliti zake.

"Mrundi ametudanganya," Manyanda alisema, akijipangusa. "Hakufunga injeksheni yoyote. Alimhadaa Tamimu, akamrudishia gari lilivyokuwa."

"Fungua gunia."

Manyanda alifungua. Akazitazama kabureta mbili za guniani, kisha vivimbe viwili vya kwenye injini. Akarudia tena.

"Gari moja haliwezi kuwa na kabureta nne," Suzana alisema.

"Labda za guniani ni za gari jingine."

"Labda. Basi rudi chini mara moja, uniambie kuhusu shafti ya nyuma. Ile inayozungusha magurudumu."

Safari hii Manyanda alikaa chini muda mrefu zaidi. Alipotoka, dharau ilikuwa imemwisha usoni.

"Haipo. Wala ya mbele. Na pale ilipofungwa pana kutu ya zamani, buibui wamejenga mpaka wakaungulia humo humo."

"Kwa hiyo gari hili halikuja hapa linatembea. Limevutwa. Ni mkweche uliokaa mahali miaka, wakauleta hapa, wakaufunga namba za Tamimu, wakautia kiberiti." Suzana alijikung'uta mikono. "Landrova ya Tamimu haijaungua, Koplo. Ipo mahali, imegoma kuwaka, na mwenye kuweza kuiwasha tumemfungia sisi wenyewe."

Mrakibu Nathanael alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza. Zile kabureta za guniani zilikuwa mezani kwake, zikichafua karatasi.

"Kwa hiyo Selestine kamuua tajiri yake akaiba gari?"

"Inawezekana. Au si hivyo. Nataka aende yeye mwenyewe atuonyeshe."

Selestine alifika mchana na hotpoti la chakula. Kijana mtanashati, mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi kiwiko. Suzana alikutana naye mlangoni kama kwa bahati.

"Pole na mkono, Selestine."

"Asante, afande. Bado unauma sana, hata kalamu siwezi kushika."

Alipoitwa kuingia, aliinua hotpoti lililojaa kwa mkono huo huo, akalipitisha juu ya kaunta bila kukunja uso. Suzana aliliona hilo, akamfungulia njia.

Akasimama nyuma ya mlango wa korido na kusikiliza. Libérat alikuwa ameshaambiwa la kusema, naye alilisema kwa shida, kwa sababu halikuwa na majivuno ndani yake.

"Nimefikiria jambo lako," alisema. "Pampu ikinyamaza ni rilei. Ya akiba iko gereji, kwenye kopo la maziwa, rafu ya juu. Unachomoa ya zamani chini ya kiti, unachomeka hiyo. Basi."

"Mimi nilikuwa nauliza tu, fundi. Kujifunza."

"Jifunze."

Selestine hakungoja hotpoti lake. Manyanda, aliyekuwa amevaa kaptula na fulana iliyochakaa, alimfuata kwa baiskeli, akamwona akiingia gereji ya Misunkumilo na kutoka, kisha akishika njia ya Mwamkulu bila kutazama nyuma. Suzana alikuja mbali nyuma yao kwa gari la polisi, na Libérat ameketi pembeni yake bila pingu.

"Ukiiona utaijua?" Suzana alimuuliza.

"Sihitaji kuiona. Nikiisikia tu inatosha."

Manyanda aliwangoja penye njia panda, baiskeli imelazwa kwenye majani. Alionyesha kwa kidevu. Ng'ambo ya shamba lililolimwa lilisimama bani la kukaushia tumbaku, refu, la udongo, halina dirisha. Alama za matairi ziliingia humo, na mtu alikuwa amejaribu kuzifagia kwa tawi.

"Ameingia sasa hivi," Manyanda alinong'ona. "Na ndani kuna mtu mwingine. Nimesikia wanagombana."

Suzana aliacha gari, wakasogea kwa miguu. Alikuwa amefika karibu na ukuta aliposikia swichi ikifunguliwa, kisha mlio mwembamba, kama nyuki chupani. Libérat alimshika mkono.

"Pampu hiyo. Imepata moto."

Injini ilishika kwa mpigo mmoja. Haikukohoa wala kusukwasukwa. Ilinguruma ikatulia, sauti nene, sawasawa, iliyotikisa vumbi kutoka ukutani. Libérat alifumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu Suzana amfahamu, hakuwa na neno la kujisifu.

Mlango wa bani ulisukumwa. Suzana alisimama katikati ya njia, bastola mkononi, imeelekezwa chini.

"Zima gari!"

Selestine ndiye aliyekuwa amesukuma mlango. Alimwona Suzana, akamwona Libérat, akakaa chini pale pale kwenye makapi ya tumbaku na kuinua mikono yote miwili, ule wa bandeji juu zaidi. Aliyekuwa kwenye usukani alisita. Injini ilipanda sauti. Manyanda akajitokeza upande wa pili na gogo, akalitupa mbele ya magurudumu.

"Gari hilo litapanda hata mlima," Suzana alisema kwa sauti ya kawaida, "lakini kunipita mimi itabidi uniue kweli. Mpaka sasa hujaua mtu. Fikiri."

Injini ilizimwa. Mtu akashuka taratibu. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa koti la kuazima, na amekonda. Lakini hapakuwa na mtu wa Mpanda ambaye asingemtambua.

"Tamimu," Libérat alisema. Mshangao wa Kirundi ukamtoka: "Yewe! Tamimu mwenyewe."

Tamimu hakumtazama fundi. "Mmejuaje?" alimuuliza Suzana.

"Uliunguza gari lenye kabureta."

"Nilidhani majivu ni majivu."

"Kwa mtu mwingine, ndiyo. Ndiyo maana ulihitaji huyu afungwe."

Hakukana. Wenzake wawili walikuwa wamekamatwa Sumbawanga na lori la mbao, chini ya mbao pembe za ndovu kutoka hifadhini, na walikuwa wameanza kutaja majina. Mtu aliyekufa hatafutwi. Alitaka gari lisilozima milimani, apite njia za porini hadi Uvinza na kuendelea mbele, na asiulizwe na mtu. Rilei kuukuu kutoka kwenye mkweche wa Renji ikafa, ikamfungia ndani ya bani.

"Wangemuua," Suzana alisema. "Wale watu pale kituoni. Kama tungechelewa kidogo, wangemtoa wakamuua."

"Sikumwambia mtu amuue."

"Hapana. Ulimwachia Selestine aseme."

Selestine alianza kulia. Manyanda alimfungua bandeji. Mkono ulikuwa mzima, una alama moja ndogo ya kiberiti.

"Mke wangu anajua?" Tamimu aliuliza wakati pingu zinafungwa.

"Rabia yuko ndani ya eda. Wanawake wanasoma khitma kwako, leo. Na Ijumaa msikitini umeswaliwa swala ya ghaibu, kwa kuwa mwili wako haukupatikana."

Tamimu alitazama chini. "Tusipite kwangu, dada. Nakuomba. Tuzungukie nyuma."

Suzana alimpa Libérat ufunguo wa Landrova.

"Endesha wewe," alisema. "Pitia sokoni."

Ndivyo Mpanda ilivyoona jioni ile, jua bado liko juu ya mapaa ya bati. Landrova iliyokuwa imeungua ilipita sokoni ikinguruma. Nyuma ya usukani alikuwa yule Mrundi waliyekuwa wakimtaka asubuhi, mgongo umenyooka. Selestine alikaa kando yake na pingu. Nyuma yao, kati ya inspekta na koplo, alikuwa marehemu. Mwuza vitunguu aliacha kupima. Kundi la kituoni, ambalo lilikuwa limeanza kuokota mawe upya, liligeuka kutazama, na mawe yakabaki mikononi hadi gari likapita. Hakuna aliyerusha. Hakuna aliyesema kitu pia, na Libérat hakupunguza mwendo ili wapate nafasi ya kusema.

Nyumba ya Tamimu ilikuwa njiani. Wanawake walikaa kwenye mikeka ukumbini, mlango wazi, sauti zao zikipanda na kushuka pamoja. Gari liliposimama, sauti zilikatika.

Rabia alitokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyevaa nguo nyeupe tupu za eda. Alimtazama mumewe kuanzia ndevu zilizonyolewa hadi pingu.

"Rabia," Tamimu alisema kutoka garini. "Ningekutumia mtu. Nikishafika, ningekutumia mtu."

Rabia alikuwa amekwisha mgeukia aliyeshika usukani.

"Fundi," alisema. "Kila swala nilikuombea mabaya. Nisamehe."

"Yamekwisha, mama," Libérat alisema.

Rabia aliingia ndani. Kupitia mlango wazi, Suzana alimwona akikaa kwenye mkeka mahali pake pale pale, akivuta ushungi wake mweupe mbele. Wanawake walikuwa wakimtazama, vitabu vimefunuliwa mapajani, hawajui wafanye nini.

"Endeleeni kusoma, mama zangu," Rabia aliwaambia. "Tamimu ameshaswaliwa."